Uliza Mwalimu: "House" liko na silabi ngapi, na kwa nini papa na mwalimu waligombana

Mwezi huu sijui kitu gani kimewashika wasomaji wangu, labda ni dikte za mwisho wa trimesta, lakini karibu maswali yote yaliyoingia yanazungukia jambo moja: namna ya kukata maneno ya Kiingereza katika silabi, au silabe kama tulivyozoea kuisema shuleni. Nimechukua saba. Zingine zinafanana na hizi, mtajiona humo ndani.

*Jambo mwalimu. Niko mama wa watoto tatu hapa Himbi, Goma. Mutoto wangu wa pili anasoma mwaka wa tano primeri, mu shule moja wanafundisha na Kiingereza. Wakamupa devuare ya kukata maneno: house, table, school, orange, umbrella. Papa yake akakaa naye, yeye alisoma, iko na diplome, wakaandika hou-se, ta-ble, sc-hool, o-ran-ge, um-bre-lla. Kaye ikarudi na alama nyekundu kila fasi, ni ta-ble tu njo ilipita. Papa akakasirika akasema mwalimu njo hajui, mutoto analia, na mimi Kiingereza sijui hata kidogo. Nani iko na haki?*

Mama, haki iko kwa mwalimu, ila papa naye usimlaumu sana, manake alifanya kile ambacho kila mtu aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili anakifanya bila kufikiri: aliona irabu, akakata. Kwetu hiyo inakubali siku zote. Ukiona a, e, i, o ao u, ujue hapo kuna silabi, hata zikifuatana, sa-a ni mbili, ka-u-ka ni tatu, na silabi zetu karibu zote zinafunga na irabu: Go-ma, Bu-ka-vu, chu-ku-du. Jicho na sikio vinapata hesabu moja. Kiingereza hapana. Kule unahesabu irabu zinazosikika, zile zilizoandikwa ni hesabu ingine kabisa, na tena irabu mbili au hata tatu zilizosimama pamoja zinaweza kutoka mdomoni mara moja tu.

Mwambie papa aweke mkono chini ya kidevu, aseme "house" polepole, lakini aseme kama Mwingereza, "haus", bila kuongeza kitu mwishoni. Kidevu kitashuka mara moja. Silabi moja, hakuna pa kukata. Ile e ya mwisho ni ya kuandikwa tu, haina sauti, na Kiingereza kimejaa e za namna hiyo. Mara nyingi kazi yake ni kubadilisha irabu iliyotangulia: "hop" na "hope", "cut" na "cute", "rid" na "ride", zote silabi moja moja, ila ya pili inasikika tofauti kwa sababu ya ile e iliyonyamaza pale nyuma. Zipo e chache za mwisho zinazosema, kwa mfano "recipe" ni tatu, rec-i-pe, na "catastrophe" ni nne, lakini hizo zinahesabika na mtoto atazijua moja moja akikua.

"School" ni silabi moja, "skul". Sisi ndio tunaigeuza mbili kwa sababu masikio yetu hayapendi konsonanti ikae mwishoni bila mwenzake, Zanzibar wenyewe walisema skuli na ikaingia kwenye kamusi. Na kukata sc-hool ni makosa mawili, manake ch pale ni sauti moja, k, na herufi mbili zinazotoa sauti moja (sh, th, ph, ck) hazitenganishwi kamwe. "Orange" ni mbili, or-ange, ile e ya mwisho imenyamaza tena. "Umbrella" ni tatu kama papa alivyosema, hesabu aliipata vizuri, ni mahali pa kukata ndipo alipokosa: um-brel-la. Ukikuta konsonanti mbili katikati ya irabu mbili, Kiingereza mara nyingi kinapitisha kisu katikati yao, win-dow, rab-bit, din-ner, moja inafunga silabi ya kwanza na ingine inafungua ya pili. Sisi hatuna mazoea hayo. Sikia jina la Lubumbashi: sisi tunasema Lu-bu-mba-shi, mb inaenda pamoja mbele, Mwingereza akilisoma atasema Lu-bum-ba-shi, anafunga mlango wa "bum" kwanza ndipo anaendelea.

Sasa "ta-ble", kwa nini ilipita na e yake haisemi? Kwa sababu mwishoni pale l inasimama yenyewe kama silabi, "tei-bl". Watu wa Kifaransa inawashangaza hiyo maana kwao "table" inatoka mara moja, lakini sisi hatuna sababu ya kushangaa, m ya m-tu na n ya n-chi zinafanya kazi hiyohiyo kila siku na hakuna aliyewahi kutuambia ni ngumu. "Ap-ple", "lit-tle", "bi-cy-cle", ni m-tu hao wote, na "button" na "rhythm" vilevile, silabi ya pili haina irabu yoyote ya maana.

Alafu ampe mtoto jozi hii aicheze nyumbani: "quiet" na "quite". Herufi zilezile tano, zimebadilishana tu fasi mwishoni. Ya kwanza ni mbili, qui-et, kunyamaza. Ya pili ni moja. Anayesikia tofauti hiyo kwa kidevu chake ameshaelewa somo lote.

Na papa asikasirike, mimi nilisoma Kiingereza miaka mingi na siku ya kwanza kufika Nairobi niliingia dukani nikaomba "miliki". Muuzaji akaniangalia akaniuliza kwa Kiswahili kizuri kabisa, unataka kumiliki nini? Nilikuwa nataka maziwa. "Milk" ni silabi moja, mimi nilimpa tatu.

*Mwalimu mimi ni mwanafunzi Ndosho, niko mwaka wa tatu sekonderi, mwalimu wetu akitusikia tunasema "wor-ked" na "wat-ched" anashika kichwa. Lakini "wan-ted" anakubali! Sheria iko wapi?*

Sheria iko na ni ndogo kuliko unavyofikiri. Angalia sauti ya mwisho ya kitenzi kabla hujatia -ed. Ikiwa ni t au d, -ed inakuwa silabi yake: want-ed, need-ed, wait-ed, load-ed. Sauti ingine yoyote ile, -ed haiongezi silabi, inajibana tu nyuma kama t au d: "worked" ni "wekt", "watched" ni "wocht", "played" ni "pleid", zote moja. Ukijiuliza sababu, jaribu kutamka t halafu d kwa mfululizo bila kitu katikati, mdomo wenyewe utakuomba irabu.

Ile -es nayo ina tabia ya ndugu yake, inaongeza silabi tu baada ya sauti zinazolia kama nyoka ao kama mashine: bus-es, watch-es, box-es, chang-es. "Makes" na "names" zinabaki moja. Kuna wakorofi wachache, "na-ked", "wick-ed", "sa-cred", hayo si vitenzi vya jana, ni maneno ya kuelezea tu na yamebaki na silabi yao ya zamani. Nasema ya zamani kwa sababu karne nyingi nyuma Waingereza walikuwa wanaitamka -ed nzima karibu kila mahali, ikapungua kidogo kidogo, na mpaka wakati wa Shakespeare washairi walikuwa wanachagua tu kulingana na mizani ya mstari. Kwa hiyo ukisema "wor-ked" umechelewa tu, wewe na mababu zao mngeelewana.

*Mwalimu nakusalimia katika jina la Bwana. Naongoza korali hapa Kadutu, Bukavu. Tulichukua nyimbo mbili za Kiingereza kwa ajili ya fete, partisyo tunayo, lakini maneno yanatupita nota. "Christ" tunaiimba na nota inabaki tunaifukuzia. "Saved" wengine wanaimba sa-ved. "Blessed" kuna siku inaenea kuna siku haienei. Nilikatisha repetisyo mara mbili kwa ajili ya ugomvi wa soprano na tenor. Tusaidie.*

Ndugu kiongozi, swali lako nimelipenda kuliko yote, kwa sababu korali ndiyo mahali ambapo silabi inajulikana bei yake: silabi moja, nota moja, na ukidanganya nota inakushitaki mbele ya kanisa lote.

Chukua "Christ". Sisi tumezoea Kri-sto, mbili, kwa hiyo waimbaji wako wanasikia "Krai-si-ti" kichwani na wanatafuta nota tatu. Ipo moja. Sauti nzima inakaa juu ya ile a, "kraaa", na "ist" inafungwa pale mwisho kabisa, wote pamoja kwa ishara ya mkono wako, kama mlango. Hiyo ndiyo siri ya kuimba Kiingereza kwa watu wa Kiswahili: nota ndefu inakaliwa na irabu, konsonanti za mwisho zinasubiri mpaka sekunde ya mwisho, na haziongezewi i wala u nyuma yake. Mkiwa kumi na tano na kila mmoja anafunga t yake wakati wake mtasikika kama mvua ya mawe juu ya tole.

"Saved" ni "seivd", moja. Sheria niliyompa mwanafunzi wa Ndosho hapo juu inatosha. Nyimbo nyingi za zamani za Kiingereza zimejengwa kwa kipimo cha mstari wa silabi 8 unaofuatwa na mstari wa silabi 6, 8 tena, 6 tena, na anayejua mashairi yetu atatambua haraka, ni mizani tu, kama sisi tunavyohesabu 8 na 8 katika mshororo. Hesabu mizani ya mstari kabla hamjaimba. Ukipata 7 mahali panapotakiwa 6, kuna mtu ameongeza irabu ya nyumbani.

"Blessed" ndiyo yenye nyuso mbili na ndiyo maana mnagombana, soprano na tenor wote wana haki kila mtu siku yake. Inaweza kuwa "bles-sed", mbili, hasa ikiwa inamwelezea mtu au kitu kitakatifu, na inaweza kuwa "blest", moja, ikiwa ni kitendo kilichofanyika. Mtunzi ndiye anayeamua na alishaamua kwenye partisyo. Angalia chini ya nota: maneno yamekatwa na vistari, kila kipande chini ya nota yake, na pale silabi ya mwisho inapotakiwa kuburuzwa juu ya nota nyingi utaona mstari mrefu umechorwa baada yake. Ukiona "heav'n" na alama ya juu, mtunzi anakuambia kwamba hapa neno ambalo kawaida ni mbili, heav-en, limebanwa kuwa moja. "Ev'ry" vilevile, mbili na si tatu. Na "prayer", "fire", "power", "hour" hizo hata Waingereza wenyewe wengine wanazitoa kwa moja wengine kwa mbili, kwa hiyo msimalize repetisyo juu yake, hesabuni nota, mkubaliane, muende nyumbani.

Kitu kimoja tena, si swali lako lakini nitakisema: acha kuwaandikia maneno ya Kiingereza kwa Kiswahili kwenye kikaratasi, "krayisiti sevidi mi". Najua korali zote zinafanya. Ndipo zile irabu zinapoingilia.

*Mwalimu, niko na sekretaria ndogo Bukavu karibu na Feu Rouge, tunaandikia watu memwari, CV, raporo za ONG. Klia mmoja alinirudishia kazi juu neno "knowledge" lilikatika mwisho wa mstari "knowl-edge" na yeye anasema mu diksyonere yake ni "know-ledge". Nimeangalia mu yangu, ni knowl-edge. Diksyonere mbili zinapingana, mimi nimwamini nani?*

Zote mbili ni sahihi, na klia wako alikuwa anatafuta punguzo la bei.

Mimi naona kuna kukata kwa sikio na kukata kwa kalamu, na watu wanavichanganya kila siku. Kwa sikio ni kwa ajili ya kutamka, ni kile kidevu cha mama wa Himbi. Kwa kalamu ni kwa ajili ya mwisho wa mstari tu, neno likikosa nafasi likatwe wapi. Vile vitone ama vistari unavyoviona ndani ya neno kubwa kwenye kamusi, hasa zile za Marekani, ni vya kalamu. Matamshi yako pembeni yake na alama zake zingine. Ndiyo maana neno kama "about", ambalo kila mtu anasikia ni mbili, kwenye kamusi zingine za Marekani unalikuta halina kitone hata kimoja: ukilikata utaacha herufi moja peke yake, a, inaning'inia mwisho wa mstari, na wachapaji hawakubali.

Sasa kwa nini Marekani na Uingereza wanakata tofauti. Uingereza kwa desturi walipenda kuangalia neno limetoka wapi, limejengwa na vipande gani, na "know" ni neno zima, haliguswi, kwa hiyo know-ledge. Marekani wanaangalia irabu inasikikaje: ukisema "nol-ij" ile o ni fupi, na irabu fupi inataka konsonanti ya kuifunga, basi knowl-edge. Mtu aliyesukuma sana njia hiyo ni Noah Webster, mwalimu wa shule, aliyetoa kitabu chake cha kufundisha tahajia mwaka 1783, miaka mingi kabla ya kamusi yake kubwa ya 1828. Vitabu vya wakati ule, kikiwemo kile cha Mwingereza Dilworth kilichokuwa kwenye kila dawati, vilikata ha-bit na clu-ster, yani konsonanti iende mbele kwa irabu inayofuata, karibu kama tunavyokata sisi. Webster akasema hapana, mtoto akiona ha-bit atasoma "hei-bit", mkate hab-it na clus-ter ili macho yamwongoze mdomo. Mimi kwa hilo niko upande wake kabisa. Alikuwa anafikiria mtoto darasani, hakuwa anamfikiria mchapaji.

Kwa kazi yako wewe: chagua moja kwa kila dokima na uishike mpaka mwisho. Maneno ya silabi moja usiyakate hata yakiwa marefu, "through", "thought", "strength" yanahama mazima. Usiache herufi moja peke yake. Neno lililounganishwa kata kwenye kiungo, class-room, foot-ball. Na angalia mashine yako, hiyo ndiyo naona inawakamata watu wengi wa sekretaria: ukiandika Kiingereza huku programu imebaki kwenye lugha ya Kifaransa, itakata Kiingereza kwa sheria za Kifaransa na utapata vioja. Badilisha lugha ya maandishi kwanza.

Hata ikibadilishwa usiiamini moja kwa moja. Mwaka 1983 Franklin Liang, pale chuo kikuu cha Stanford, alimaliza tezi yake, yani tasnifu, juu ya namna ya kuifundisha kompyuta kukata maneno kwa kutumia vipande vya herufi, na mpaka leo njia yake inatumika, ni kazi nzuri sana. Lakini kuna maneno ambayo herufi peke yake hazitoshi. "Record" ikiwa ni jina la kitu, mkazo uko mwanzo na unakata rec-ord. Ikiwa ni kitendo, mkazo unaenda mwisho na unakata re-cord. "Present" vilevile, pres-ent ni zawadi, pre-sent ni kukabidhi. "Project", proj-ect na pro-ject. Herufi hazijabadilika hata moja. Mashine itajuaje kama raporo ya ONG inazungumzia proje au inazungumzia kutupa kitu mbele? Ni wewe unayejua, umesoma sentensi.

*Mzee mwalimu, minaendesha camion kati ya Lubumbashi na Zambia, kila juma niko Kasumbalesa. Kiingereza minaongea bila shida, ni kuandika njo kunaniua. Patron wa kule anataka meseji. Ninaandika Wensday, comftable, bisness, coper, na bakijana ba ofisi banacheka.*

Papa wa barabara, makosa yako ni ya mtu mwenye sikio zuri. Umeandika vile Waingereza wanavyosema. "Wednesday" mdomoni ni mbili, "wenz-dei", "comfortable" kwa wengi ni tatu, "kamf-ta-bl", na "business" ni mbili, "biz-nis". Wao wanameza silabi katikati, wanazimeza kama motari anavyomeza foleni, lakini wakiandika wanazitema zote.

Kwa hiyo tafuta sauti ya pili, sauti ya kalamu, isiyotoka nje ya kichwa. Ukisema na watu, sema "wenz-dei". Ukishika telefone kuandika, jisemee kimoyomoyo kama ungekuwa unasoma Kiswahili, kila kipande na irabu yake: Wed-nes-day. Com-for-ta-ble. Bu-si-ness. Ve-ge-ta-ble. Tem-pe-ra-ture. Cho-co-late. Is-land, na s yake ambayo hata haikuwa ya haki, waandishi wa zamani waliitia wakidhani neno limetoka kwenye Kilatini. Hapa mazoea yetu ya kukata kila irabu, yale yaliyomponza papa wa Himbi, yanageuka faida, na vistari nilivyoweka hapa ni vya kukumbuka herufi tu, yule wa sekretaria asivitumie mwisho wa mstari.

Herufi zinazorudiwa nazo zina mantiki, na wewe unabeba mfano wake kwenye rimorki. "Copper" na "cobalt". Ya kwanza o ni fupi, inafungwa na p, na p ya pili inafungua silabi inayofuata: cop-per, mbili. Ya pili o ni ndefu, "kou", imebaki wazi, haihitaji kufungwa: co-balt, b moja tu. "Dinner" chakula na "diner" mtu anayekula. "Hopping" ni kuruka, "hoping" ni kutumaini, na ukimwandikia patron "I am hopping" kwamba douane watakuachilia leo, atakuona unaruka-ruka pale mbele ya barriere. Sikiliza irabu ya mkazo: fupi, mara nyingi konsonanti mbili, ndefu, moja. Si dawa ya kila neno, "lem-on" na "cab-in" zina irabu fupi na konsonanti moja tu, lakini kwa safari ya Kasumbalesa itakufikisha.

*Mimi napiga picha, niko na studio Katindo. Nikijitambulisha kwa wageni kwa Kiingereza hawanisikii mpaka niwaonyeshe aparey. Nasema "fotogra-FA". Shida iko wapi?*

Kwenye mkazo. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, haubadiliki, Kifaransa kinaupeleka mwishoni, na wewe umechukua wa Kifaransa. Kiingereza kinauhamisha neno kwa neno: PHO-to-graph ni picha, pho-TOG-ra-pher ni wewe, pho-to-GRAPH-ic ni kuelezea. Ona pia kisu kimehama, kwenye la kwanza g iko na "graph", kwenye la pili imerudi nyuma kufunga "tog", kwa sababu silabi yenye mkazo inavuta konsonanti kwake. Piga "TOG" kwa nguvu, zingine tatu zipite chinichini, fa-TOG-ra-fa, irabu zake zisisikike vizuri hata. Mgeni anasikia mkazo kwanza ndipo anasikia herufi.

*Niko na miaka 11, Majengo. Neno refu kupita yote la silabi moja kwa Kiingereza ni gani? Tumepinga na kaka yangu.*

Mdogo wangu, kwa maneno ya kawaida mwambie kaka "strengths" na "screeched". Kila moja herufi tisa, kidevu kinashuka mara moja tu. Ukimpa bibi ayaseme utapata tano kwenda juu, "si-ti-re-ngi-si", na si kosa lake. Upande mwingine kuna "area", herufi nne tu na silabi tatu. Kama dau bado liko mezani mmalizie na hili: neno lenyewe la Kiingereza la kusema "neno lenye silabi moja" ni "monosyllable". Mwambie ahesabu kwa kidevu. Ziko tano.